Risasi Bubu Haitakiwi Kupendeza

Mwezi uliopita kijana mmoja jirani yangu hapa mtaa wa Landless, Thika, jina lake Kevo, alinijia asubuhi nikiwa nje naota jua. Kevo ameajiriwa kutunza vifaa kwenye uwanja mmoja wa kulenga shabaha, na kwa kuwa anajua nilitengeneza bastola ujanani, huja kuniuliza mambo. Mimi hufurahi sana. Mtu wa umri wangu akiulizwa swali la kazi, hata magoti huacha kumuuma kwa muda.

"Sasa, guka," akasema. Mimi ni Mlogooli, si Mkikuyu, lakini Thika hii kila mwenye mvi ni guka, yaani babu.

"Poa. Leta shida."

"Kuna bastola moja pale job imeanza kukataa risasi. Ile ndogo, ya twenty-two. Risasi inaingia nusu halafu inakwama. Na bado ni mpya, guka."

"Umekuwa ukiifyatua tupu?"

"Aah, hiyo ni practice tu. Haina kitu ndani."

Nilicheka mpaka ikabidi niweke chini kikombe cha uji. Maneno hayo hayo, haina kitu ndani, niliyasema mimi hapa hapa Thika katika miaka ya hamsini, mbele ya mtu aliyekuwa na haki ya kunifukuza kazi. Basi nimeona niyaandike kwa ajili ya Kevo na wenzake, kwa sababu naona kosa hili halizeeki kama sisi.

Mtu mwenyewe aliitwa Fundi Harbans, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha rangi ya samawati, na karakana yake ilikuwa karibu na stesheni ya reli. Alitengeneza saa, mizani, cherehani, na kwa leseni iliyotundikwa ukutani ndani ya kioo, bunduki na bastola za wenye mashamba. Mimi nilitoka Maragoli nikiwa na miaka ishirini na mitatu na ujuzi wa cherehani niliofundishwa misheni. Aliniajiri kwa cherehani. Bastola zilikuja baadaye, kidogo kidogo, alipoona kwamba mkono wangu hautetemeki.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Ilikuwa Hali ya Hatari ya wakoloni, na sheria ya risasi kwa Mwafrika ilikuwa kali kuliko mnavyoweza kufikiria. Ukikutwa na risasi moja mfukoni bila kibali, hukuulizwa umeitoa wapi kwa upole. Watu walinyongwa. Kwa hiyo risasi zote zilikaa kwenye sanduku la chuma la Fundi Harbans, na ufunguo ukakaa shingoni mwake. Mimi nilikuwa fundi wa bastola nisiyeruhusiwa kugusa risasi, sawa na mpishi asiyeruhusiwa kuonja mchuzi.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza. Siku moja Fundi aliniachia bastola ndogo ya shabaha niisafishe, ile ya kuingiza risasi moja moja, mali ya bwana mmoja wa mkonge. Nikaisafisha ikang'aa. Nikaishika, nikalenga picha ya ng'ombe kwenye kalenda, nikafyatua. Tak. Sauti safi kabisa, tena laini. Nikavuta nyundo, nikalenga jicho la ng'ombe. Tak. Nadhani nilimpiga yule ng'ombe mara arobaini kabla ya chakula cha mchana.

Alasiri Fundi alitoa risasi moja sandukuni aijaribu bastola kwenye shimo la mchanga nyuma ya karakana. Risasi ikaingia nusu, ikagoma. Akaitoa, akaigeuza, ikagoma tena. Akanitazama.

"Wewe iko piga tupu?"

"Mara mbili tatu tu, Fundi. Haikuwa na kitu ndani."

Akanipa lenzi yake ya saa, ile ya kubana jichoni, akaielekeza bastola dirishani. "Angalia. Chuma hapana jua sema wongo."

Nikaona. Kwenye mdomo wa chemba, pale risasi inapoingilia, palikuwa na kishimo, na pembeni ya kishimo chuma kilikuwa kimefura kama mdomo wa mtu aliyepigwa ngumi. Fundi akanieleza huku akinionyesha kwa ncha ya penseli. Risasi kubwa huwa na kiwashio katikati ya kitako. Risasi hii ndogo haina. Baruti yake ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko mzima. Kwa hiyo sindano ya bastola hugonga ukingoni. Risasi ikiwemo, sindano hukutana na ukingo wa shaba laini, kazi inaisha. Isipokuwemo, sindano hupita ikagonga mdomo wa chemba, chuma kwa chuma, mahali palepale kila mara. Bastola nyingine huhimili, nyingine hazihimili, na huwezi kujua ipi ni ipi mpaka uwe umeshaiharibu.

Nilitumia siku nzima kurekebisha arobaini zangu. Hatutii tupa ndani ya chemba, vijana; ukikwangua chuma humo hakirudi. Tulikuwa na kijiti cha chuma kigumu kilichochongoka kidogo na kusuguliwa mpaka kinateleza. Unakiingiza kwa mafuta, unakizungusha, unakisukuma taratibu, na chuma kilichofura kinarudi mahali pake kidogo kidogo. Jioni shingo yangu ilikuwa imekakamaa na nilikuwa nimemchukia yule ng'ombe wa kalenda.

Kesho yake Fundi akanifungulia droo ndogo. Ndani mlikuwa na vitu kama kumi, vya njano iliyochujuka, vimepinda pinda, kila kimoja kimetobolewa tundu ubavuni. Vilifanana na meno ya mbuzi.

"Hii risasi bubu," akasema. "Weka ndani, piga mpaka choka. Bastola hapana lia."

Vilikuwa vimechongwa kwa pembe ya ng'ombe. Risasi bubu ni hiyo tu: kitu chenye kimo cha risasi, kisicho na baruti wala chochote cha kulipuka, kinachokaa mahali pa risasi na kupokea kipigo cha sindano. Baada ya vipigo vichache unakizungusha kwa ukucha ili sindano ipate mahali papya, na ukingo ukishaliwa wote unakitupa. Nilivitumia, lakini kusema kweli nilividharau. Mimi ni mtu niliyefundishwa kwamba hata upande wa ndani wa pindo unatakiwa unyooke. Kuingiza jino la mbuzi kwenye bastola ya maana niliona ni aibu.

Nikamwambia Fundi nitamchongea nzuri zaidi. Akacheka ndani ya ndevu. Nikapata matawi ya mkahawa yaliyokatwa kwenye shamba moja upande wa Ruiru, mti mgumu usio na nyuzi, nikakereza risasi bubu kumi na mbili zilizonyooka kama kidole cha mtoto. Zilifanya kazi vizuri kwa wiki mbili. Halafu mvua za masika zikaanza, kuni zangu zikanywa unyevu na mafuta zikavimba, na moja ikakwama ndani ya bastola ya mteja kama kizibo cha chupa. Fundi Harbans alicheka mpaka akatoka nje kupata hewa, na fundi cherehani wa duka la pili akaja kuuliza kuna nini, naye akaelezwa kwa Kihindi, akacheka upya. Nilicheka nao. Sikuwa na la kufanya.

Mngedhani hapo ningejifunza. Sikujifunza, kwa sababu nilidhani kosa lilikuwa la mti.

Alikuwepo mteja wetu mmoja, mama wa Kizungu mjane mwenye shamba la kahawa Ruiru. Wachumaji wake walimwita Kanyoni, yaani ndege mdogo, kwa kuwa alikuwa mwembamba na alipiga mluzi akitembea. Alipenda mashindano ya shabaha kuliko kahawa. Siku moja alikuja na pikapu yake, akakuta Fundi amesafiri kwenda arusi ya binti wa kaka yake Nakuru na kuniachia karakana siku nne.

"Fundi, mimi nataka ile bubu," akasema Kanyoni. "Kumi na mbili. Mimi nataka fanya mazoezi nyumbani, asubuhi na jioni. Lakini hapana ile kama jino. Ile mbaya sana."

Vijana, maneno hayo yaliingia moyoni mwangu kama asali. Mtu mwingine ameliona! Nikamwambia arudi baada ya siku mbili.

Nikachukua maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, ambayo yalikuwa taka tu na Fundi aliniruhusu kuyashika. Kila ganda lililopigwa lina alama ndogo ukingoni, pale sindano ilipolikanyaga. Nikayasugua kwa majivu na ndimu mpaka shaba ikawaka. Mbele nikatia ncha ya mti wa mkahawa, safari hii uliokaushwa juu ya jiko, nikaichonga iwe na mviringo ule ule wa risasi. Halafu, na hapa ndipo nilipojiona bingwa, nikaisugua ile ncha kwa unga wa penseli mpaka ikawa na rangi ya risasi yenyewe. Nilizipanga kwenye kitambaa cheusi. Zilikuwa nzuri mno. Mimi mwenyewe nilizitazama nikaogopa kidogo, lakini nilifikiri hofu ile ni ya polisi. Nikajiambia sitazibeba mimi. Mwenyewe atakuja kuzichukua.

Akaja, akaziona, akapiga mluzi. Akazimimina kwenye mfuko wa sweta yake kubwa ya kijivu. Kisha akasema cherehani yake inaruka nyuzi, je, naweza kwenda naye nyumbani Ruiru mara moja niitazame, atanirudisha. Nikafunga karakana, nikapanda.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, katikati ya mikahawa iliyokuwa imechanua, na harufu yake ilikuwa tamu hadi ndani. Nilikaa dirishani na cherehani. Ukutani mbele yangu, upande wa kushoto, kulikuwa na saa kubwa. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na jiko, na jikoni kulikuwa na mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa Kilogooli, kwa sauti kubwa na bila kupatana na noti hata moja. Nikatabasamu. Nyumbani kumenifuata mpaka Ruiru. Kanyoni akaniambia huyo ni mpishi wake, Mzee Asava, yuko naye miaka mingi na hajawahi kuimba sawasawa.

Halafu akatoa bastola yake ndani ya kisanduku, ile ya risasi moja moja yenye nyundo nje. Akaifungua, akachungulia ndani, akanionyesha kwamba ni tupu. Hapo alifanya vizuri. Akatia mkono kwenye mfuko wa sweta, akatoa moja, akaitia, akafunga.

"Fundi, angalia. Mimi napiga saa. Hesabu tatu, halafu piga. Mkono yangu hapana cheza hata kidogo."

Akasimama kando, akanyoosha mkono kuelekea saa. Kisha akashikwa na chafya. Akatoa leso kwenye mfuko ule ule wa sweta, na pamoja na leso ikadondoka moja ya risasi zangu nzuri, ikabingirika mpaka kwenye kiatu changu. Nikaiokota nimrudishie.

Iliteleza.

Nisikilizeni hapa kwa makini. Risasi hai ya aina ile hupakwa nta kidogo mbele, na nta ile unaihisi kwenye vidole. Zangu zilikuwa kavu, za unga wa penseli. Nikaigeuza nitazame ukingo. Haukuwa na alama. Ukingo mzima, laini, haujakanyagwa na sindano yoyote. Nilikuwa nimeshika risasi hai kwa mara ya kwanza maishani mwangu, katika miaka ile, nyumbani kwa Mzungu. Kumbe Jumamosi iliyotangulia alikuwa kwenye klabu ya shabaha na sweta ile ile, na risasi hai zilizobaki hakuzitoa mfukoni. Zangu alizimimina juu yake, na nilikuwa nimezitengeneza vizuri kiasi kwamba hakuna jicho, la kwake wala la kwangu, lingeweza kuzitenganisha bila kuchunguza ukingo.

"Memsahib, ngoja," nikasema.

"Wewe ngoja. Mimi nahesabu. Moja."

Upande wa pili wa saa, Mzee Asava alikuwa amefika kwenye kiitikio. Mbao za ukuta ule zilikuwa nyembamba kiasi cha kusikia kisu chake kikimenya viazi.

"Memsahib, hiyo huenda si bubu."

"Kelele, Fundi. Mbili."

Nilifikiri mambo mawili kwa wakati mmoja, na siwaambii uongo, moja lilikuwa la woga. Nilifikiri kwamba Mwafrika akimrukia mama wa Kizungu mwenye bastola, na mkononi ana risasi, hatapewa nafasi ya kueleza habari za nta. La pili lilikuwa ule wimbo. Sijui ni kwa nini lilishinda la pili. Nilidondosha risasi, nikaruka, nikaishika bastola kwa juu, nikachomeka kidole gumba katikati ya nyundo na fremu.

"Tatu," akasema Kanyoni, maana kidole chake kilikuwa kimeshaanza safari.

Nyundo ikaangukia ukucha wangu. Nililia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Jikoni wimbo ukakatika.

Bastola ilikuwa imeelekea sakafuni, mikono yetu minne, au tuseme mitatu na kidole, ikiwa juu yake. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Wewe nashika mimi?"

"Hapana, memsahib. Nashika nyundo. Tafadhali ivute polepole nitoe kidole. Halafu fungua, utazame ukingo."

Nitamsifu yule mama mpaka naingia kaburini: alisikiliza. Akavuta nyundo, nikatoa kidole. Akafungua, akaitoa iliyokuwemo, akaipeleka dirishani. Akaizungusha mara moja. Akaizungusha mara ya pili. Ukingo laini mzima. Akatazama saa. Akatazama ukuta. Halafu akakaa palepale juu ya zulia, bastola ikiwa wazi mapajani.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mzee Asava akaingia na sinia la chai, mtu mfupi mnene mwenye aproni, akatutazama mmoja mmoja.

"Nimesikia mtu akilia," akasema. Kisha kwangu, kwa Kilogooli, akauliza kama ni mimi.

"Cherehani imenidunga," nikamjibu.

"Fundi wa cherehani amedungwa na cherehani?" Akacheka mpaka vikombe vikagongana. Akaniletea maji ya moto na chumvi, akanifunga kidole kwa kitambaa cha kufutia sahani, akarudi jikoni kuendelea na wimbo pale alipouachia. Nilitoa machozi. Kanyoni naye alitoa machozi. Tulikuwa tunacheka pia, naomba mnielewe, kwa sababu alikuwa anaimba vibaya sana na hatujawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Tukamimina mfuko mezani. Mimi nilikaa na mikono mgongoni, yeye akatenganisha kwa kutazama ukingo, moja moja, dirishani. Zilikuwa kumi na mbili zangu, na nne za klabu, ukihesabu ile ya chemba na ile ya sakafuni.

"Kosa yangu," akasema. "Mfuko yangu."

Ningeweza kunyamaza hapo. Mwenye mali amekiri, mimi nina kidole kilichofungwa, nani angeniuliza? Lakini iliniuma kuliko ukucha. Nikamwambia: "Na langu, memsahib. Zile za Fundi zina sura mbaya ili usizikosee hata ukiwa na usingizi. Hizi nimezipamba mimi."

Fundi Harbans alirudi Jumatatu na kisanduku cha peremende za arusi. Nilimwambia kila kitu kabla hajavua koti, nikijua kwamba leseni yake ile ya kwenye kioo ingeweza kuondoka ukutani kwa sababu yangu, na kwamba mimi ningeondoka kabla yake. Aliweka kisanduku mezani. Akachukua lenzi ya saa, akaibana jichoni, akafungua kitambaa changu, akatazama ukucha uliokuwa mweusi tii.

"Hii kidole," akasema, "iko akili kushinda fundi yake."

Halafu akanipa peremende. Akanipa na nyundo. Kanyoni alikuwa amezirudisha zile kumi na mbili, na Fundi akaniamuru niziponde zote juu ya fuawe, moja baada ya nyingine, huku yeye akila peremende na kutazama. Iliniuma kila moja. Zilikuwa kazi bora zaidi ya mikono yangu mpaka siku ile, na zilistahili kupondwa.

Baada ya hapo nilikuwa mchongaji wa pembe. Nilikwenda kwa Wanjohi, mwenye bucha karibu na soko la Thika, nikamwomba pembe.

"Haiya, pembe? Nyama umeiacha?" akasema. "Kwani nyinyi watu wa magharibi mnapika nini siku hizi?"

Pembe ikikerezwa hunuka kama nywele zilizoungua, na mama wauza ndizi walihamisha mikeka yao mara tatu kunikimbia. Lakini pembe haivimbi wakati wa mvua, haipasuki upesi, na haili sindano. Nilizichonga fupi kidogo, zenye ncha butu, rangi ya njano, na kila moja nikaitoboa tundu ubavuni ambalo mwanga unapita. Ukifunga macho unaijua kwa kidole. Fundi alizikagua, na kila alipoona moja imenyooka sana aliirudisha. "Hii iko zuri. Haribu kidogo." Sijawahi kufanya kazi kwa mtu aliyenifurahisha vile.

Kanyoni aliziheshimu zile mbaya tangu siku ile. Alishona mfuko wa sweta ukawa hauna mdomo kabisa. Risasi hai zikakaa chumba kingine, chini ya kufuli, na kabla ya mazoezi alifungua bastola, akatazama, akaingiza na ncha ya kidole kidogo, akamwonyesha mtu wa pili kama yupo. Saa aliihamishia ukuta wa nje, wa mawe, ambao nyuma yake kuna kilima tu. Na alipomaliza alisema kwa sauti, nimemaliza, akaziweka bubu kwenye kikopo chake na bastola kwenye kisanduku, na hakuruhusu tena ile ya mwisho. Jihadharini na ile ya mwisho, vijana. Mtu amemaliza, amerudisha risasi hai, halafu mkono unamwasha anataka tak moja zaidi. Ajali nyingi nilizosikia katika kazi hii zilizaliwa hapo. Na hata bubu ikiwemo, hata umeiona kwa macho yako, mtutu hauelekei kwa mtu. Wala msije mkaiga lile la kidole. Siku ile lilikuwa ndilo pekee lililobaki, na lilibaki hilo kwa sababu mengine yote yalikuwa yameshakosewa.

Mzee Asava alikuwa rafiki yangu mpaka alipofariki kwa uzee, nyumbani kwake, amezungukwa na wajukuu. Jumapili nilipanda baiskeli kwenda kumwona Ruiru, na ni yeye aliyenijulisha kwa binti wa shemeji yake, Rasoa, na ni yeye aliyekwenda kunisemea kwao. Siku ya arusi yetu kwaya ilijipanga kuimba, naye akasogea mbele, akasema yeye ndiye aliyeleta mambo haya na ataimba peke yake. Watu wakainamisha vichwa. Akaimba wimbo ule ule wa jikoni, beti zote, kila noti ikienda njia yake. Watoto walicheka. Rasoa alinibana mkono akininong'oneza nimwombe akome, halafu akaona ninavyolia, akanyamaza. Nilimweleza usiku wa siku ile, na baada ya hapo kila mzee yule alipofungua kinywa nyumbani kwetu, mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwomba aimbe tena.

Kuhusu Mzee mwenyewe, hatukumwambia kamwe. Alikwenda zake akiamini kwamba nilikuwa fundi wa cherehani mzembe kuliko wote waliopata kutoka Maragoli, na alimweleza hivyo kila mgeni.

Basi nilimaliza kumsimulia Kevo haya, na uji ulikuwa umepoa. Nikaingia ndani, nikatoa kikopo, nikampa risasi bubu mbili za pembe zilizobaki kwangu. Alizigeuza geuza.

"Guka, na huko online zinauzwa za plastiki, nyekundu poa sana. Hizi ni mbaya, wacha tu."

"Asante," nikamwambia. "Nunua hizo za plastiki, alimradi ni za kupigwa na sindano, maana nyingine zimetengenezwa za kujifunzia kupakia tu. Na bastola mpelekee fundi aitazame chemba kwanza."

Akaziweka mfukoni, akaona nimemkazia macho, akazitoa, akazifunga peke yake ndani ya leso. Akainuka.

"Kevo," nikamwita, "ule ukuta mnaolenga mkifanya mazoezi. Nani anaimba nyuma yake?"

Akasimama, akafikiri, akaniambia hajui.

Nikamwambia aende akaangalie kwanza.